Mtu Hewa Aliyeshangiliwa

Kidole cha karani kikashuka.

Nyie mliokaa wiki nzima mkikiona kile kidole kinaelea juu ya kitufe, haya, pumueni kidogo. Kilishuka, kikabonyeza, na kompyuta ikatoa mlio mdogo, kama kijiko kikigonga glasi.

"Umefanya nini?" Mama Pacha akauliza.

"Sijafanya kitu, mama. Mimi nabonyeza tu. Anayefanya ni mfumo."

Karani huyu wa dirisha la usajili, pale ofisini wanamwita Kidole. Ana vidole vyake vyote, salama kabisa, ila anaandika kwa kimoja, vingine vikikaa pembeni ya kompyuta kama wageni wanaosubiri chai. Mbele yake maneno mekundu yalikuwa bado yanawaka: REKODI IMEJIRUDIA. ABAKI MMOJA.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita, nitasema upesi. Mama Pacha ni fundi cherehani. Ana mabinti wawili waliozaliwa siku moja, naye akawapa majina ya utani ya kazini kwake. Aliyetoka mrefu, mwembamba, akamwita Sindano. Aliyetoka mviringo akamwita Kifungo. Wote wawili wamepata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo hicho siku hizi hakitaki karatasi. Kinachungulia kwenye mfumo mpya wa serikali. Kikikuta jina lako, kinakuandikisha, kisipolikuta, pole. Na siku ya mwisho ya kuandikishwa ni leo, mpaka ofisi zifungwe.

Sasa ule mfumo ulipotazama, ukaona mama mmoja, baba mmoja, hospitali moja, tarehe moja. Ukaamua kwamba hapa kuna mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili na mtu mwenye nia mbaya.

"Umebonyeza wapi?" Mama Pacha akauliza tena, maana jibu la kwanza halikuwa jibu.

"Kwenye 'tuma'. Ujumbe umeingia kwenye simu yako. Ukijibu moja, abaki wa kwanza. Ukijibu mbili, abaki wa pili. Lazima achague mzazi mwenyewe, isije kesho mkasema Kidole ndiye aliyemfuta mtoto wenu."

"Na nikitaka wabaki wote?"

"Hiyo namba haipo."

"Nisipojibu?"

Kidole akasogeza uso kwenye kioo, akasoma kwa midomo. "Usipojibu mpaka tunafunga, wanasimamishwa wote wawili. Hapa wameandika, kwa usalama wao."

Mama Pacha akageuka kwenye benchi. "Nyie, njooni hapa. Simameni mbele ya kaka yenu awaone."

Wakasimama. Sindano alilazimika kuinama kidogo ili uso wake uonekane dirishani. Kifungo alilazimika kujiinua kwa vidole vya miguu. Karani akatazama huyu, akatazama yule, akarudi kwa huyu.

"Hawafanani," akasema.

"Ndiyo nakwambia tangu asubuhi."

"Lakini mfumo hauangalii sura, mama. Ungekuwa unaangalia sura tungekuwa na matatizo mengine."

Kifungo ana mdomo mwepesi tangu utotoni. Akapitisha mkono chini ya kioo. "Kaka, hebu nishike mkono. Nipo?"

Kidole akaushika kwa adabu, akaurudisha. "Dada, kukuona nakuona. Ila sina pa kukuandika. Pandeni juu kwa Mkurugenzi. Na mwende sasa hivi, leo kuna uzinduzi, Waziri anakuja."

Kwenye ngazi za kwenda juu alisimama mlinzi na kikapu cha plastiki. Simu haziruhusiwi, akasema, ni usalama wa taarifa. Kikapuni mlikuwa na simu kadhaa zikilialia, kila moja na mlio wake, na mtu yeyote akishuka anachukua anayoipenda. Mama Pacha akakiangalia kile kikapu, akaona hapana. Akavua mkoba wake begani, simu ikiwa ndani, akampa Kifungo. Sindano angeweza kuusahau popote.

"Kaeni ukumbini mnisubiri," akasema. "Msiende mbali."

Akapanda peke yake.

Mkurugenzi alikuwa mbele ya kioo cha kabati, anajifunza hotuba. Watu wa pale wanamwita Bwana Bofya. Umwambie maji hayatoki chooni, atakwambia bofya palipoandikwa "malalamiko". Pembeni kwenye sofa aliketi Mshauri, mwenye viatu vinavyong'aa na kompyuta mapajani. Kazi yake mle ndani hakuna aliyeweza kuieleza, na kwa hiyo ilikuwa kubwa.

Mama Pacha akaeleza shida yake kwa kirefu. Bwana Bofya akasikiliza huku anafunga tai.

"Mapacha," akasema, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa. "Mshauri, sisi mapacha tuliwaweka wapi?"

"Awamu ya tatu," akajibu Mshauri.

"Tuko awamu ya ngapi?"

"Ya kwanza. Tunaizindua leo."

"Basi mama, unaona. Usikate tamaa."

"Mwanangu, mimi mwisho wangu ni leo," akasema Mama Pacha. "Wakifunga lile dirisha, mmoja wa watoto wangu hana chuo. Au wote hawana."

Mshauri akainua macho. Akasema ipo njia ya kupita pembeni. Tarehe ya kuzaliwa ya mmoja isogezwe mbele kidogo, ili mfumo uone watoto wawili.

"Huyu wa pili, hakuchelewa kutoka?"

"Alichelewa. Mkunga alikuwa hajamaliza kumfuta huyu wa kwanza."

"Hiyo haitoshi. Mfumo una akili, unajua mimba inachukua muda gani. Unataka angalau miezi tisa."

Mama Pacha alikuwa hajawahi kusema uongo mbele ya serikali, na hiki kilikuwa kitu cha kumwaibisha mwanamke yeyote, kuambiwa alibeba mtoto wa pili mwaka na nusu bila habari. Lakini akamwona Kifungo kwa macho ya moyo, ndani ya sare nyeupe aliyokuwa ameshamkatia kitambaa chake. Vitambaa vyote viwili viko mezani nyumbani, vimeshapigwa chaki.

"Andika," akasema. "Andika alichelewa."

Mshauri akaandika. Akasimama. Akakuna sikio.

"Chuo cha uuguzi wanachukua wenye miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Basi huyu sasa amekuwa na kumi na saba."

Mlango ukafunguliwa, mtu akachungulia, akasema Waziri amefika na anasalimia watu langoni. Bwana Bofya akachukua koti. Mshauri akafuta alichoandika, akafunga kompyuta yake, akatoka nyuma ya bosi wake akimwachia Mama Pacha harufu nzuri ya manukato.

"Tutaongea baada ya uzinduzi, mama," sauti ya Bwana Bofya ikasema kutoka kwenye ngazi.

"Baada ya uzinduzi mtakuwa mmefunga," Mama Pacha akauambia mlango.

Ukumbini viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe. Fundi wetu hakuweza kujizuia, akaona mara moja kwamba pindo zimeshonwa kwa haraka na uzi si wa rangi yake. Akasimama nyuma kabisa, akitafuta vichwa vya mabinti zake katikati ya wageni. Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta, na juu yake maandishi: WATU HEWA WALIOONDOLEWA. Chini yake namba ndefu, inayoweza kuchukua pumzi mbili kuisoma.

Bwana Bofya alikuwa ameshapanda jukwaani. "Mheshimiwa Waziri, zamani mwananchi alipanga foleni kutwa nzima ili aambiwe arudi kesho. Leo, kwa mfumo huu, anaambiwa arudi kesho akiwa nyumbani kwake."

Makofi.

"Na tumewasafisha watu hewa, Mheshimiwa. Majina ya watu ambao hawapo, waliokuwa wanakula jasho la walipa kodi. Tazama ile namba. Inapanda yenyewe, hatuigusi."

Kama iliyosikia, namba ikalia mlio mdogo, kijiko na glasi, ikapanda kwa mmoja.

Ukumbi mzima ukasimama na kushangilia. Waziri akapiga makofi mikono ikiwa juu, ionekane na kamera. Mama Pacha naye, nyuma pale, akapiga makofi kidogo kwa heshima, kwa sababu watu wote walikuwa wanapiga, na yeye alilelewa vizuri.

Ndipo Sindano akamfikia, anahema, ametoka dirishani kwa Kidole. "Mama, umejibu ule ujumbe?"

"Ningejibu na nini? Simu anayo mwenzako."

Wakatazamana.

Kifungo walimkuta kwenye safu ya wageni waalikwa, mkoba mapajani, soda mkononi. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Alipowaona akasogea, akampisha mama yake nusu ya kiti.

"Nimeshamaliza, mama," akasema. "Nimejibu moja. Sindano aende chuo."

"Nani kakutuma?"

"Wewe usingeweza. Nilikuona pale dirishani, umetushika mkono huyu huku na huyu huku. Ungekaa hivyo mpaka wafunge, tukose wote wawili. Mimi nitashona na wewe. Mashine ya pili si imekaa tu?"

"Mimi siendi," Sindano akasema.

"Utaenda, tena utatoboa watu sindano kama jina lako. Usinitie hasira, mimi hata sipo."

Mama Pacha hakuusikia utani huo. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Nimepiga makofi," akasema taratibu. "Kifungo, mwanangu. Nimekupigia makofi."

Huko mbele Waziri alikuwa amepewa kipaza sauti. Ni mtu anayependa kuuliza maswali kwenye uzinduzi, maana gazeti huandika kwamba aliuliza.

"Mkurugenzi, huyu aliyeondolewa sasa hivi, mbele ya macho yetu. Huyu mlimjuaje?"

Bwana Bofya hakuwa na hilo kwenye hotuba. Lakini mtu mwenye cheo hakosi la kusema. "Huyo, Mheshimiwa, ni wa genge. Tumemfuatilia kwa muda mrefu. Hana sura, hana anwani, hana mama wala baba. Ni jina tu, linatembea kwenye kompyuta."

"Mama ninaye," sauti ikasema. "Huyu hapa. Na soda yenu nimekunywa."

Watu wakageuka. Kwa sababu ya kimo chake wengi hawakumwona, ikabidi Kifungo apande kwenye kiti, juu ya kile kitambaa cheupe. Watu wakacheka, kisha wakaona Bwana Bofya hacheki, wakaacha.

"Nani huyu?" Waziri akauliza.

"Ndiye mtu hewa, Mheshimiwa," akasema Kifungo. "Wamenifuta sasa hivi kwa sababu nilizaliwa siku moja na dada yangu. Huyu mrefu. Na wewe umenishangilia kwa nguvu, nimekuona."

"Mkurugenzi, huyu mtu si yupo?"

Jasho la Bwana Bofya lilikuwa limeshafika kwenye kola. "Kwa macho, Mheshimiwa, yupo. Kimfumo, hapo unapotazama pana kiti."

"Na hawa wengine?" Waziri akainyooshea kidole ile namba ndefu. "Hawa nao ni mapacha?"

Bwana Bofya akamtazama Mshauri. Mshauri akatazama viatu vyake.

"Si wote," akasema Mshauri. "Kuna na mapacha watatu watatu."

Waziri si mjinga, alishaona kamera zimegeuka kuelekea upande gani. Akatabasamu tabasamu la baba. "Mrudisheni huyu binti. Sasa hivi, hapa hapa, wananchi waone. Serikali inasikia."

Kidole akaitwa, akaja na kompyuta yake kifuani kama mtoto mgonjwa, akaiweka mezani, akaiunganisha na ile ya ukutani. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza.

"Kurudisha mtu kunataka alama ya kidole cha Waziri peke yake," akasema. "Ulisaini mwenyewe, Mheshimiwa, ili watu wasirudishwe ovyo."

"Vizuri sana. Niliona mbali."

Waziri akakunja mkono wa shati, akaweka kidole chake kwenye kioo kidogo cha kusomea alama, akageuza uso kwa wapiga picha. Ukutani mduara ukazunguka. Mama Pacha alikuwa amewashika tena mabinti zake, huyu huku na huyu huku. Kupitia dirishani aliona wafagiaji wameanza kusogeza mabenchi ya wateja ukutani, kama wanavyofanya kila siku ofisi ikikaribia kufungwa.

Mduara ukasimama. Maneno mekundu yakatoka, makubwa kuliko mtu: ALAMA HII NI YA REKODI ILIYOFUTWA.

"Futa kidole, Mheshimiwa," Kidole akanong'ona. "Pengine ni mafuta."

Akakifuta kwa leso. Akarudia. Yakatoka maneno yale yale.

"Maana yake nini?" Waziri akauliza, akiwa bado anatabasamu kwa sababu kamera zilikuwa bado ziko wazi.

Karani akasogeza uso, akasoma kwa midomo. "Mfumo unasema Waziri yupo. Ila si wewe. Ni mtu mwenye duka la saruji."

Bwana Bofya akashika ukingo wa meza. Hakuna aliyethubutu kuuliza, isipokuwa mmoja asiye na cha kupoteza kwenye ajira ya serikali.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema Mama Pacha. "Wewe ulizaliwa peke yako?"

Waziri akavua miwani. Akaifuta kwa muda mrefu, kwa leso ile ile.

"Hapana, mama," akasema. "Nina ndugu yangu. Tulizaliwa siku moja."

"Mfumo ukifuta mmoja," Kidole akaeleza kwa upole, "vyote vyake vinahamia kwa aliyebaki. Jina, nyumba. Na cheo."

"Na mshahara?" akauliza mtu kutoka viti vya nyuma.

Waziri akatoa simu. Akatafuta namba ya ndugu yake, akatafuta tena, hakuiona. Msaidizi wake ndiye aliyekuwa nayo. Ikaita. Kwa vile kipaza sauti kilikuwa mezani pale pale na hakuna aliyekumbuka kukizima, ukumbi wote ulisikia mfuko wa saruji ukitupwa chini, kisha sauti ile ile ya Waziri ikijibu, isipokuwa hii ilikuwa na kikohozi cha vumbi.

"Nilijua utapiga tu siku moja," ikasema.

"Kaka, ulipata ujumbe wowote? Wa kuchagua?"

"Uliingia kwenye simu ya mama, wiki iliyopita. Nikamsomea. Nikamwambia, mama, serikali inataka abaki mmoja."

"Mama akachagua?" Hapo sauti ya Waziri ilikuwa imeshuka, haikuwa tena ya jukwaani.

"Hakutaka. Alikaa kutwa nzima hataki hata kula. Mwisho akaniuliza, yule mwenzako alikuja lini mara ya mwisho? Nikatafuta jibu, sikulipata. Akasema, basi bonyeza."

Mama Pacha akainamisha kichwa.

Waziri akamtazama Kifungo. "Hapa kuna binti amefutwa kama mimi. Chuo chake kinafunga leo. Kidole kinachoweza kumrudisha ni chako. Njoo, kaka. Chukua gari, pikipiki, chochote."

Ng'ambo ya pili wakasikia kufuli likifungwa, mnyororo ukivutwa, na mtu akipangusa mikono.

"Huyo binti mwambieni asiondoke, niko njiani," ikasema ile sauti. "Wewe bado tunakufikiria, mimi na mama."